Chama cha Wafanyakazi Si cha Ukoo

Wasee, hii imenikera wiki nzima. Binamu yangu alitoka Bungoma akapata kazi kwenye shamba moja huku Kitale. Alipotaka kujiunga na chama cha wafanyakazi, mwakilishi akamwambia, "Hiki ni cha wenyeji. Nendeni kwenu muanzishe chenu."

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, lakini historia sikuiacha. Huu ujinga tulirithi.

Enzi za mkoloni, reli ya kwenda Uganda ilipita Bungoma, na tawi lake likafika Kitale mwaka wa 1926. Shirika lilikuwa moja, lakini kufikia miaka ya 1950 Waafrika walikuwa na Railway African Union, Wahindi nao Railway Asian Union. Serikalini nako, asiye Mzungu alilipwa sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, kazi ikiwa ile ile. Wafanyakazi wakigawanyika hivyo, anayecheka ni mwajiri.

Kuna msee alikuwa ameliona hilo mapema. Makhan Singh alikuwa katibu wa Indian Trade Union, Nairobi. Mwaka wa 1935 chama kikaondoa neno "Indian", kikawa Labour Trade Union of Kenya, mlango wazi kwa kila rangi. Mkoloni hakupenda. Mei 1950 alimkamata, akamfungia Lokitaung, huko Turkana, kisha kwingine. Aliachiliwa Oktoba 1961. Miaka kumi na moja!

Leo sheria iko upande wetu. Katiba ya 2010, Kifungu cha 41, inampa kila mfanyakazi haki ya kujiunga na chama. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa kabila, jinsia, dini na mengineyo. Wengi hudhani kinaibana Serikali pekee. Zii! Kinambana "mtu" yeyote, na Kifungu cha 260 kinasema "mtu" ni pamoja na kampuni na chama. Kwa hivyo chama kikikubagua, unaweza kukipeleka Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Jumatatu binamu anarudi kwa yule mwakilishi na barua. Tumeiandika pamoja, vifungu vyote vitatu ndani. Tunataka jibu la maandishi.

Na wewe, chama chenu kazini kinamfungia nani mlango?