Kinubi cha Kapkatet

Ahali wa mtaa wa Milimani, Nakuru, watajiwapo wanamuziki wa zama hizi wanaovuka bahari ili kuchanganya ala na lahani, na waelekeze nyuso magharibi ya Nakuru, hadi Kapkatet katika nchi ya Wakipsigis, ambako mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alinasa sauti za wasichana wakimwimba Chemirocha, kiumbe nusu mtu nusu swala, ambaye asili yake ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, na ambaye santuri zake zilikwisha kufika huko. Sauti changa zapanda, na kinubi chazijibu chini kwa nyuzi chache, bila kusita. Kwa rai yangu, huo ulikuwa ushirika wa kweli, kwani wasichana wale hawakumwiga mgeni, bali walimtia katika ngoma yao hata akawa wao. Kanda zilihifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoiasisi Tracey mwaka 1954, hata katika muongo wa 2010 zikarejeshwa Kapkatet kwa msaada wa Ketebul Music, shirika la muziki la Kenya lake Tabu Osusa. Enyi vijana wapigao gitaa Nakuru, zisikilizeni kwanza kanda hizo.