Orodha ya Mizigo

Jumapili jioni, maduka ya katikati ya Nairobi yakifungwa, sisi ndio tunafungua. Tunakutana Aga Khan Walk, watu watano, kila mmoja na viatu vyake vya magurudumu manne yaliyopangwa mstari mmoja. Vyangu nilivitoa Gikomba. Cha kushoto kimechakaa kuliko cha kulia, lakini vinateleza. Mwezi uliopita mmoja wetu akasema amechoka kuzunguka hapa kila wiki. Twende Nanyuki mwezi wa pili: siku ya kwanza tuteleze kwenye lami karibu na Ikweta, kisha magurudumu yabaki mjini, sisi tupande Mlima Kenya kwa mguu kupitia Sirimon. Sote tukasema sawa. Kusema sawa ni bure.

Kuandika orodha ya mizigo niliachiwa mimi, ati kwa sababu nilisomea historia miaka miwili kabla karo haijanishinda. Nikaanza: kofia ngumu, vikinga magoti, spana, tenti ya kuazima. Hapo nikakumbuka kwamba kila safari ya mlima huu ilikuwa na orodha yake, na orodha husema ukweli kuliko picha ya kileleni.

Chukua ya Halford Mackinder, Mwingereza, mwalimu wa jiografia. Mwaka 1899 reli ilikuwa ndiyo tu imefika Nairobi. Alitoka hapo na Wazungu sita akiwemo yeye mwenyewe, Waswahili 66, Wamaasai wawili wa kuonyesha njia, na Wakikuyu 96. Mwaka huo nchi ilikuwa na njaa kali. Chakula kikawaishia mlimani, na Waswahili wawili waliotumwa kukitafuta wakauawa. Septemba 13, Mackinder alisimama juu ya Batian pamoja na César Ollier na Joseph Brocherel. Leo ukipanda kwa Sirimon unapitia Bonde la Mackinder. Wale 66 na wale 96 wamebaki namba. Walibeba kila kitu kilichokuwa kwenye orodha, na kwenye orodha wenyewe wakahesabiwa kama mizigo.

Orodha ya pili ndiyo naipenda. Felice Benuzzi alikuwa afisa wa serikali ya Italia kule Ethiopia. Waingereza walipoiteka mwaka 1941 akakamatwa, na baadaye akajikuta kwenye kambi ya wafungwa wa vita hapo Nanyuki. Siku moja mawingu yakafunguka, akauona mlima nyuma ya seng'enge. Akaanza kupanga kuupanda. Si kutoroka kabisa, hapana. Kupanda na kurudi. Miezi ikapita yeye na Giovanni Balletto, daktari, wakikusanya vitu: nyundo zikageuzwa mashoka ya barafu, vyuma chakavu vikawa meno ya kufunga chini ya viatu, kamba za vitanda zikawa kamba za kupandia. Ramani hawakuwa nayo. Walikuwa na mchoro wa mlima kwenye karatasi ya mkebe wa nyama. Januari 24, 1943, wakatoka na mwenzao wa tatu, Vincenzo Barsotti. Batian iliwashinda, lakini Benuzzi na Balletto wakafika Lenana, mita 4,985, wakaweka bendera yao. Siku ya 18 walikuwa wamerudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa peke yao, wakatumikia saba.

Miaka 20 baadaye Lenana ikapata bendera nyingine. Desemba 1963, usiku wa uhuru, Kisoi Munyao alipanda na wenzake wakaisimika ile ya Kenya. Kwenye orodha yao ndiyo iliyokuwa mzigo mkuu: kitambaa kimoja.

Sasa rudi kwenye viatu vyangu. Magurudumu ya mstari mmoja si kitu kipya. Petitbled, Mfaransa, alipata hataza yake Paris mwaka 1819. Mwaka 1863 Mmarekani James Plimpton akaleta viatu vya magurudumu mawili mbele na mawili nyuma, na hivyo ndivyo vikatawala. Mstari ulirudi kwa nguvu kuanzia mwaka 1980, pale Minnesota, kupitia ndugu wawili, Scott na Brennan Olson. Walikuwa wachezaji wa hoki ya barafuni. Kiangazi barafu hakuna, na wao walitaka kuendelea na mazoezi. Yaani ninachovaa Aga Khan Walk kilitengenezewa watu walioyeyukiwa na barafu.

Lakini kwao ilirudi kila baridi ilipoingia. Ya kwetu hairudi. Barafu ya Lewis, ile iliyo chini ya Lenana, kati ya mwaka 1934 na 2010 ilipoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Benuzzi alihitaji meno ya chuma. Kwenye orodha yetu sijaandika hata kimoja cha barafu, na hakuna aliyeuliza mbona.

Ndiyo maana nina haraka. Mamangu haielewi. Nilipomwambia, aliendelea kukaanga vitunguu, kisha akauliza, "Na ile karo uliyoacha, mlima utailipa?" Sikuwa na jibu. Nilisema, "Mum, nitarudi." Akasema kurudi si jibu, akaniwekea chakula.

Usiku huo niliifuta orodha, nikaanza upya. Ya kwanza ilikuwa na vitu juu na "mpagazi 1" chini kabisa, baada ya sufuria. Tutahitaji mtu wa kutuongoza na mtu wa kutusaidia kubeba, vijana wa Nanyuki wanaoishi na mlima huo kila siku. Nimeacha mistari miwili mitupu hapo juu kabisa. Tukishawapata, majina yao yataingia hapo, kisha yetu matano, kisha malipo yao, kisha ndipo tenti na mengine.

Nikaituma kwa wenzangu. Mmoja akauliza mbona pesa ya watu imetangulia chakula. Nikamwambia aje Jumapili nimwelezee habari za 1899. Akasema sawa.