Gharama ya Nyongeza katika Ratiba za Ndege

Gharama ya nyongeza ni kiasi ambacho matumizi ya shirika huongezeka pale linapotoa huduma moja zaidi. Mwenzake ni pato la nyongeza, yaani fedha zinazoingia kwa sababu ya huduma hiyohiyo. Kwa shirika la ndege, huduma hiyo ni safari moja zaidi katika ratiba. Wapo wanaosema gharama ya ziada, lakini ziada huleta picha ya matumizi yaliyovuka bajeti, hivyo nyongeza inafaa zaidi.

Istilahi hii hueleweka ikiwekwa kando ya gharama kamili, ambayo huibebesha kila safari fungu lake la uchakavu wa ndege, bima, kodi ya ofisi na mishahara ya makao makuu. Mengi ya hayo hulipwa hata ndege isiporuka.

Mfano uliozoeleka madarasani ni wa Continental Air Lines ya Marekani. Mwaka 1962, ndege zake za Boeing 707 zilijaza takriban nusu tu ya viti, chini ya wastani wa mashirika ya nchi hiyo. Kufuta safari chache kungepandisha kiwango hicho, lakini shirika lilikataa. Chris Whelan, makamu wa rais aliyesimamia mipango ya uchumi, alikuwa na hesabu yake, na jarida la Business Week liliichapisha Aprili 1963. Tuseme safari moja ina gharama kamili ya dola 4,500, fedha zinazotoka mfukoni kwa sababu tu imeruka ni dola 2,000, na nauli zinaleta dola 3,100. Kwa gharama kamili, hiyo ni hasara ya dola 1,400. Kwa Whelan ilikuwa faida ya dola 1,100, kwa kuwa zile 2,500 nyingine zingelipwa vyovyote vile.

Kazi ngumu ni kuipata hiyo 2,000. Wahudumu wa uwanjani ambao tayari wako zamu hawahesabiwi. Wakilipwa saa za ziada, wanahesabiwa. Pato nalo lina mitego. Abiria wa safari mpya huenda wameacha safari nyingine ya shirika lilelile, na nauli za hao si nyongeza hata kidogo. Kinyume chake, safari fupi yenye watu wachache huweza kuwaleta abiria wanaounganisha safari ndefu, na nauli ya huko mbele huingia katika hesabu. Continental ilirusha ndege usiku kutoka Colorado Springs hadi Denver na kuirudisha asubuhi mapema, mara nyingi bila abiria yeyote. Ilionekana kichekesho, ila ilikuwa nafuu kuliko kukodi banda la kuilaza ndege Colorado Springs.

Hesabu hii hufanywa baada ya ratiba ya msingi kukaa sawa, maana sehemu kubwa ya safari lazima irudishe gharama kamili, la sivyo shirika litafilisika huku kila safari ya nyongeza ikionekana ina faida. Tena mipaka ya gharama yenyewe husogea kadiri uamuzi unavyobadilika. Ndege ikiwa imeshanunuliwa na imekaa bure usiku, bei yake haihusiki. Safari mpya ikidai ndege nyingine inunuliwe, bei yote ya ndege hiyo ni gharama ya nyongeza.