Makofi ya Februari 1977

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi mjukuu wangu alizaliwa mapema, maana nilipopiga makofi yale nilikuwa kijana wa miaka 22, na haikupita miaka mitano nikaanza kuyajutia. Naomba msomaji anivumilie nimweleze makofi hayo yalikuwa ya nini.

Mwanzoni mwa Februari 1977 nilikuwa mhudumu wa mezani katika hoteli moja ya kitalii, upande wa Ngorongoro. Tulikuwa jikoni, redio iko juu ya kabati la sahani, tukasikia kwamba mpaka wetu na Kenya umefungwa. Ilikuwa wiki ileile ambayo TANU na ASP ziliungana kuwa Chama Cha Mapinduzi, kwa hiyo nyimbo na vifijo vilikuwa vimeshatawala. Tukapiga makofi, na mimi nilipiga kwa nguvu kuliko wote. Mtu mmoja tu hakupiga. Alikuwa mpishi wetu, mzee ambaye sote tulimwita Mjomba. Yeye aliendelea kumenya viazi.

Hatukupiga makofi bila sababu. Kwa miaka mingi wageni wetu wengi walishukia Nairobi, wakapakiwa katika mabasi madogo yenye namba za Kenya, wakapita Namanga, wakalala kwetu usiku mmoja au miwili, kisha wakarudi walikotoka. Safari walikuwa wameilipia hukohuko. Sisi tulikuwa na Serengeti, Ngorongoro na Mlima Kilimanjaro. Jirani alikuwa na kiwanja cha ndege, ofisi, magari na risiti. Wengine walifika na chakula cha mchana kilichofungwa kwenye maboksi tangu Nairobi. Nilikuwa nikiyaokota maboksi hayo matupu na kujiuliza nani hasa mwenye mali.

Hali hiyo ilikuwa na historia yake. Theodore Roosevelt, rais mstaafu wa Marekani, alikwenda Kenya kuwinda mwaka 1909, na tangu enzi hizo Nairobi ilijulikana ng'ambo kuwa mlango wa kuingilia porini. Sisi tulikuja baadaye, lakini hatukulala. Serengeti ilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 1951, na Ngorongoro ikatengwa nayo mwaka 1959 ili wanyama na wafugaji waishi pamoja. Septemba 1961, miezi mitatu kabla ya Uhuru, Mwalimu Nyerere alitoa Azimio la Arusha la wanyamapori, ambalo lisichanganywe na lile la Ujamaa la mwaka 1967, akaahidi kwamba tutawatunza wanyama hawa. Mwaka 1963 kikafunguliwa Chuo cha Mweka cha kufundisha watunzaji wao. Mwaka 1971 tukafungua Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Kilimanjaro, kusudi mgeni ashukie kwetu moja kwa moja. Serikali ikajenga hoteli Seronera, Lobo, Manyara na ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro.

Si kwamba kila Mtanzania aliufurahia utalii. Mwaka 1970 vijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mjadala mkali magazetini, wakihoji kama nchi ya ujamaa inapaswa kujenga uchumi wake kwa kumpigia magoti mgeni tajiri. Lilikuwa swali la haki. Lakini hoteli zilikuwa zimeshajengwa, na hoteli isiyo na mgeni haimjengi mjamaa wala bepari.

Basi mpaka ukafungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki limekwama, na kila nchi ilimlaumu mwenziwe kwa madeni. Magari ya kitalii na ndege ndogo za Kenya zilizokutwa upande wetu zilizuiliwa. Tuliamini kwamba mgeni, akikuta Namanga pamefungwa, atazunguka aje kushukia Kilimanjaro. Simba wetu atakwenda kumwona wapi?

Alikwenda kumwona Maasai Mara. Hapo ndipo hesabu yetu ilipoharibika. Nyumbu wengi wa Serengeti huvuka kila mwaka kufuata majani upande wa Kenya, na nyumbu haonyeshi pasi mpakani. Mwaka 1978 Nairobi ilifungua jengo jipya la kiwanja chake cha ndege. Mawakala wa Ulaya walichapa upya vitabu vyao vya safari, safari hii bila kurasa zetu. Na Lobo, iliyojengwa kaskazini mwa Serengeti kwenye njia ya kutoka Mara, ikawa nyumba iliyoko mwisho wa barabara.

Kisha zikaja Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikaadimika. Wanaokumbuka miaka ile hawahitaji kuelezwa habari za foleni. Hotelini kwetu sabuni ilikatwa vipande, balbu moja ilihamishwa kutoka chumba hadi chumba, na jenereta ikazimwa mapema kubana dizeli. Nikajifunza neno moja nikalizoea mno: hakuna. Siagi? Hakuna. Bia? Hakuna. Maji ya moto? Hakuna.

Siku moja mwaka 1981 walifika wageni wawili wazee kutoka Ujerumani, mume na mke. Vumbi liliwajaa hadi kwenye kope. Yule mama aliniuliza kwa upole kama angeweza kupata maji ya moto ya kuoga. Nikamjibu hakuna, nikaendelea kupanga uma mezani. Nikiri pia kwamba nilijibu kwa fahari fulani, kana kwamba kukosa maji ya moto ni msimamo wa kisiasa.

Mjomba alinisikia. Hakusema neno. Alichochea kuni, akateka maji sufuria mbili, na yalipochemka akabeba ndoo mwenyewe, mzee wa umri wake, mpaka mlangoni kwa wageni. Usiku akawapikia ndizi alizotoa nyumbani kwake. Walipokwisha kulala akaniita.

"Mwanangu," aliniambia, "kukosa si aibu, kila nyumba hukosa. Aibu ni kusema hakuna kisha ukakaa."

"Lakini Mjomba, hali ya nchi unaijua."

"Naijua. Na kuni zilikuwepo."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Mwaka uliofuata wageni walipungua zaidi, tukapunguzwa kazi, mimi nikiwa miongoni. Nikiwa njiani kurudi nyumbani na sanduku langu, ndipo nilipoelewa kwamba siku ile jikoni nilikuwa nimejipigia makofi ya kuachishwa kazi.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983, baada ya nchi tatu kukubaliana Arusha jinsi ya kugawana mali na madeni ya Jumuiya. Ulifunguka upesi kuliko tabia. Njia ya watalii kati ya Serengeti na Mara ilibaki imefungwa miaka mingi baadaye, na soko tulilolikimbia kwa siku moja tulitumia miaka kulirudia. Miaka ya 1990 tukavunja Shirika la Utalii, tukaunda Bodi ya Utalii, na hoteli za umma zikapewa watu binafsi waziendeshe. Mkataba wa Jumuiya mpya ulitiwa saini mwaka 1999. Mwaka 2012 wageni walivuka milioni moja kwa mwaka, na mwaka 2024 wakavuka milioni mbili.

Haya ni mafanikio, nami nayafurahia. Lakini sikio langu bado linasikia makofi. Desemba 2014 Kenya ilizuia magari yetu ya kitalii kuchukua wageni katika kiwanja cha Nairobi. Nasi tukajibu kwa kupunguza safari za ndege zao kuja kwetu. Marais wa nchi mbili walilimaliza jambo hilo Machi 2015. Wakati ule nilikuwa nimekaa na vijana kijiweni Arusha. Mmoja akasema afadhali tufunge kabisa, wengine wakashangilia. Nilitaka kuwaeleza habari za Lobo, nikaona hawana muda na mzee.

Wala si majirani tu wanaotufundisha. Julai 2016 tulipoanza kutoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 kwa huduma za utalii, wenye makampuni walilalamika kwamba safari za msimu ule walikuwa wamekwisha kuziuza kwa bei ya zamani. Kodi ni haki ya nchi. Ila mgeni hununua safari miezi mingi kabla ya kupanda ndege, na anayemwuzia hawezi kumrudia kumwambia nyumba imepandisha kiingilio.

Nimefikia kuamini kwamba katika ushindani wa utalii tulikosea kuhesabu mtaji. Tulidhani mtaji ni simba na mlima. Hivyo ni zawadi, na jirani naye ana vyake. Mtaji ni barabara inayopitika, bei isiyobadilishwa usiku, mpishi aliyefunzwa, viazi na mayai yaliyonunuliwa kwa mkulima wa Karatu, na mhudumu anayelipwa vizuri kiasi cha kumfanya asichoke kuchochea kuni. Swali la maboksi yale lilikuwa sahihi: fedha ya mgeni inabaki wapi? Jibu letu ndilo lililokosea. Fedha hubaki pale kazi inapofanyika, na kufunga lango hakufanyi kazi yoyote.

Mjomba alifariki bila kuona mamilioni hayo ya wageni. Mpwa wangu mmoja sasa ni dereva na mwongozaji wa watalii. Kabla hajaanza kazi aliniomba ushauri, akitegemea nimweleze habari za lugha au za wanyama. Nilimweleza habari ya ndoo.