Programu za awali za intaneti: Zilivyotafutwa na kujaribiwa mbali na Dar es Salaam

KABLA ya simu ya mkononi kuuweka mtandao mfukoni, mwenye kompyuta nyumbani mjini Bukoba au Muleba, mkoani Kagera, alihitaji vitu vinne ili aufikie ulimwengu: laini ya simu, modemu, umeme na programu inayofaa. Vitatu vya kwanza, kwa mwenye fedha, vilinunulika. Cha nne kililazimu kutafutwa, kunakiliwa na kujaribiwa hatua kwa hatua, kwa kuwa MS-DOS na Windows 3.1, mifumo iliyoendesha kompyuta nyingi mwanzoni mwa miaka ya 1990, haikuuzwa ikiwa na uwezo wa kuzungumza lugha ya intaneti.

Makala haya yanaeleza programu hizo zilikuwa zipi, zilipatikana kwa njia gani na zilipimwaje.

Umbali na gharama

Tanzania ilichelewa kuingia katika matumizi ya kompyuta. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni, na amri hiyo ililegezwa miaka mingi baadaye. Mitandao ya kwanza ya barua pepe ilipoanza mwanzoni mwa miaka ya 1990, vituo vyake vilikuwa Dar es Salaam, katika Chuo Kikuu na Muhimbili. Jina la nchi katika intaneti, yaani anwani zinazoishia na .tz, lilisajiliwa mwaka 1995, na ni katika kipindi hicho hicho kampuni za kwanza za kuuza huduma ya intaneti zilifungua milango, nazo pia jijini Dar es Salaam.

Kwa mkazi wa Kagera, kuvifikia vituo hivyo kulimaanisha kupiga simu ya masafa marefu iliyotozwa kwa dakika. Kampala iko karibu zaidi, na Chuo Kikuu cha Makerere kilikuwa na kituo chake cha barua pepe kilichojulikana kwa jina la MUKLA, lakini simu ya kuvuka mpaka wa Mutukula ilihesabiwa kuwa ya kimataifa.

Ndiyo maana programu za mwanzo zilizofaa mazingira haya hazikuwa za kuperuzi kurasa, bali za kuhifadhi na kutuma. Mtumiaji aliandika barua zake zote simu ikiwa imekatwa, kisha kompyuta ikapiga usiku, ikapakua na kupakia furushi moja lililobanwa, na kukata mara moja.

FidoNet na hospitali

Mtandao maarufu wa aina hiyo ulikuwa FidoNet, ulioanzishwa Marekani na Tom Jennings mwaka 1984. Kompyuta za kawaida zilipigiana simu na kupokezana barua, kila moja ikiipeleka inayofuata. Programu zake zilikuwa FrontDoor au BinkleyTerm za kupiga na kupokea simu, GoldED ya kusoma na kuandika, na X00 iliyosimamia mlango wa modemu. Zote zilitosha katika disketi chache, na hazikuhitaji mashine yenye nguvu. Jijini Nairobi, Kituo cha Kimataifa cha Uhusiano wa Mazingira kiliendesha kituo cha FidoNet kilichobadilishana barua na GreenNet ya London.

Mfumo huo ndio uliotumiwa na HealthNet, mradi wa shirika la SatelLife lililoanzishwa na daktari bingwa wa moyo wa Marekani, Bernard Lown. Mbali na simu, HealthNet ilitumia satelaiti ndogo zilizopita juu mara kadhaa kwa siku. HealthSat-2 ilirushwa mwaka 1993. Muhimbili ilikuwa miongoni mwa vituo vyake.

Kwa Kagera hili halikuwa jambo la anasa. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa nchini walibainika mkoani humo mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage iliyoko Muleba. Daktari wa wilayani, ambaye jarida la tiba lilimfikia likiwa na umri wa miezi, ndiye hasa aliyehitaji habari zisizotegemea posta.

Kupata programu

Njia ya kwanza ilikuwa disketi. Programu nyingi zilisambazwa kwa utaratibu wa kujaribu kwanza na kulipia baadaye, hivyo kunakili hakukuwa kosa. Mzigo kutoka Dar es Salaam uliweza kupita reli ya kati hadi Mwanza, kisha meli hadi Kemondo au Bukoba.

Njia ya pili ilikuwa barua pepe yenyewe. Zilikuwapo seva zilizopokea ombi lililoandikwa kwa barua, zikachukua faili kutoka ghala la mbali na kulirudisha likiwa limegeuzwa herufi na kukatwa vipande. Ubaya wake ni kwamba ugeuzaji huo uliongeza ukubwa kwa zaidi ya theluthi. Faili la kilobaiti 150, katika modemu ya biti 2,400 kwa sekunde, lilichukua kama dakika 11. Likigeuzwa herufi, takriban dakika 15. Laini ikikatika, aliyetumia itifaki ya Zmodem, iliyotungwa na Chuck Forsberg mwaka 1986, aliendelea pale alipoishia badala ya kuanza upya.

Kupima hatua kwa hatua

Kanuni ya wazoefu ilikuwa kupima kitu kimoja kwa wakati mmoja.

Kwanza, faili lenyewe. Amri ya PKUNZIP -t ilikagua kama furushi limefika zima kabla ya kufunguliwa. Disketi iliyopita mikono mingi ilipimwa virusi.

Pili, mlango wa modemu. Programu ya MSD ilionyesha aina ya chipu iliyomo. Chipu za zamani, 8250 na 16450, zilipoteza herufi mwendo ulipozidi; 16550 ilistahimili.

Tatu, modemu. Katika programu ya Telix, au Terminal iliyokuja na Windows, mtumiaji aliandika AT. Jibu la OK lilithibitisha kuwa modemu inasikia. Penye mtambo wa simu wa zamani, amri ya kupiga ilikuwa ATDP badala ya ATDT.

Nne, lugha ya intaneti. Kwa Windows 3.1, iliyotegemewa na wengi ni Trumpet Winsock ya Peter Tattam wa Chuo Kikuu cha Tasmania, Australia. Baada ya kuunganishwa, mtumiaji alitumia ping, programu iliyoandikwa na Mike Muuss mwaka 1983, kuuliza kompyuta ya mbali kwa namba yake, kisha kwa jina. Namba ikijibu na jina likakataa, kosa halikuwa katika simu wala modemu, bali katika anwani ya seva ya majina.

Ni baada ya hapo tu ndipo Eudora ya barua pepe au Netscape ya kurasa ilipofunguliwa.

Radi na umeme

Ukanda wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye ngurumo nyingi zaidi duniani, na radi huingia kwa waya wa simu hata kompyuta ikiwa imezimwa. Kuchomoa waya huo kabla ya mvua kuliokoa modemu. Aidha, umeme wa Kagera kwa miaka mingi ulitoka Uganda, na ukikatika katikati ya upakuaji, dakika zilizokwisha kutumika zililipwa bure.

Mabadiliko

Windows 95 ilikuja na lugha ya intaneti ndani yake, na soko la Trumpet likafifia. Tattam alikuwa amelipwa na wachache tu kati ya waliotumia kazi yake. Mwaka 2011 watumiaji wa zamani walichangishana ili kumlipa. Kebo ya SEACOM ilifika Dar es Salaam mwaka 2009, na simu za mkononi zikafuta haja ya modemu.

Hata hivyo, programu hizo hazijatoweka. Kompyuta ya leo inaweza kuiga mashine ya zamani kwa DOSBox na kuziendesha. Na utaratibu wa kupima bado ni ule ule: intaneti ikigoma nyumbani, huanza kukaguliwa waya, kisha namba, kisha jina, na fundi huitwa akiwa ameshaambiwa ni hatua ipi iliyokataa.