Yafahamu mashindano ya saa 72 ya watunzi wa programu za kompyuta

MASHINDANO mengi ya kutunga programu za kompyuta humalizika katika muda wa saa chache. Yale ya vyuo vikuu yajulikanayo kwa kifupi kama ICPC, kwa mfano, huwapa wanafunzi watatu kompyuta moja na saa tano tu. Hata hivyo, yapo mashindano mengine ambayo hudumu saa 72 mfululizo, usiku na mchana, nayo ni yale ya ICFP.

Mashindano hayo, yaliyofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1998, huambatana na kongamano la kimataifa la wataalamu wa lugha za kompyuta zinazojengwa juu ya dhana ya hisabati ya vitendakazi, zikiwamo Haskell na OCaml. Lugha hizo zilizoea kuonekana kuwa ni za darasani tu, na mashindano yamekuwa uwanja wa kupima nguvu zake mbele ya lugha nyingine zote.

Kwa mujibu wa taratibu zake, timu inaweza kuwa na mtu mmoja au watu wengi bila kikomo, hutumia lugha yoyote itakayo, na hushiriki kupitia intaneti pasipo kulipa ada. Swali huandaliwa kila mara na kundi tofauti la wataalamu, na hubaki siri hadi dakika ya kuanza. Kwa wasioweza kukesha siku tatu, kwa kawaida huwapo kitengo cha saa 24 za mwanzo.

Tuzo ya fedha si kubwa. Kinachogombewa hasa ni heshima, kwani lugha iliyotumiwa na washindi hutangazwa kuwa chombo teule cha watunzi makini wa programu. Mwaka 1998 heshima hiyo ilikwenda kwa Cilk, lugha iliyotokana na C, iliyotumiwa na timu ya Chuo cha MIT cha Marekani. Miaka ya 1999 na 2000 ilikuwa zamu ya OCaml, ilhali mwaka 2003 C++ iliibuka kidedea.

Maswali yenyewe si ya kawaida. Mwaka 2004 washiriki walitakiwa kutunga akili ya sisimizi wanaokusanya chakula huku wakipambana na kundi hasimu. Mwaka 2006, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon waliwapa washiriki maelezo ya mashine ya kale ya kubuni; aliyeshindwa kwanza kuiunda upya ndani ya kompyuta yake hakuweza kuyafikia mafumbo yaliyofichwa humo. Mwaka uliofuata, Chuo Kikuu cha Utrecht cha Uholanzi kilitoa kazi ya kurekebisha chembe za urithi za kiumbe wa sayari nyingine ili aweze kuishi.

Katika mazingira hayo, wepesi wa vidole pekee hautoshi. Jambo la kwanza ni kusoma swali kwa utulivu, kwani kosa la kulielewa huweza kugharimu siku nzima. Pili, ni busara kuwasilisha mapema jibu rahisi linalofanya kazi, kisha kuliboresha. Tatu, kazi hugawanywa: mmoja hutunga jibu, mwingine hutengeneza chombo cha kuonyesha matokeo kwa picha, na wa tatu hutafuta makosa.

Aidha, usingizi ni sehemu ya mbinu. Mtu aliyekesha usiku wa pili huweza kuharibu kwa saa moja kazi ya siku mbili. Kwa sababu hiyo timu makini hulala kwa zamu, na huhifadhi kila hatua ya kazi ili iwezekane kurudi nyuma.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki, mashindano hayo hayahitaji viza wala nauli. Yanachohitaji ni umeme na intaneti vya kuaminika kwa siku tatu, pamoja na mpango wa akiba iwapo kimojawapo kitakatika. Mwaka 2014, kwa mfano, yalianza Ijumaa saa tisa alasiri kwa saa za Afrika Mashariki na kumalizika Jumatatu saa kama hiyo. Kwa ratiba ya namna hiyo, aliyeajiriwa hana budi kuomba ruhusa kazini mapema, maana saa za mwisho, ambazo timu nyingi hupanda au kushuka, huangukia siku ya kazi.