Wafula Wengi, Koo Mbalimbali

Mwaka 2013 kiti cha ubunge cha Kwanza, kaskazini-magharibi mwa Kitale, kilitoka kwa Noah Wekesa kikaenda kwa Ferdinand Wanyonyi. Magazeti yaliandika habari za vyama na kura. Anayejua Kibukusu aliona pia kichekesho kidogo: mavuno yameondoka, palizi imeingia. Wekesa ni jina la mtoto wa kiume aliyezaliwa watu wakivuna, na Wanyonyi ni la aliyezaliwa mama zake wakiwa shambani na majembe, wakipalilia.

Majina ya Wabukusu wa Bungoma na Trans Nzoia ni kalenda ya mkulima. Wafula ni wa mvua. Simiyu ni wa kiangazi, naye hana uhusiano wowote na Mkoa wa Simiyu kule Tanzania, uliopewa jina la mto. Wanjala alizaliwa wakati wa njaa, Wanyama wakati nyama ilipokuwa nyingi, Wamalwa wakati wa pombe, na Wasike mwaka wa nzige. Kila mmoja wao ana dada yake katika lugha: Nafula, Nekesa, Nasimiyu, Nanjala, Namalwa, Nasike. Mapacha nao wana majina yao, Mukhwana na Mulongo, na atakayezaliwa baada yao huitwa Khisa. Zamani mavuno yaliyotajwa katika jina la Wekesa yalikuwa ya wimbi na mtama. Siku hizi Trans Nzoia ni ghala la mahindi la Kenya, lakini jina limebaki lile lile, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha.

Kalenda ya namna hii ina majira machache na watoto wengi. Ndiyo sababu ukisimama katika soko lolote la Kwanza ukaita "Wafula!", watageuka wanaume wengi ambao hawana babu mmoja. Jina halikutungwa ili litofautishe nyumba na nyumba. Lilikuwa la mtu mwenyewe, na alipokufa lilingoja mjukuu wa kulibeba.

Hapo ndipo panapoingia mkondo wa pili wa majina, ule wa wahenga. Mtoto mchanga akilia usiku kucha bila ugonjwa unaoonekana, wazee walisema kuna marehemu anayetaka kurudi kwa jina. Yalitajwa majina ya mababu na mabibi mmoja baada ya mwingine, na lile ambalo mtoto alinyamazia likawa lake. Kwa hiyo usikimbilie kudhani kwamba kila Wafula alizaliwa siku ya mvua. Huenda alizaliwa katikati ya kiangazi kikali, ila babu yake ndiye aliyezaliwa kwenye mvua, au babu wa babu yake. Vivyo hivyo Wasike wengi wa leo hawajawahi kuona kundi la nzige kwa macho yao. Jina ni tarehe, lakini mara nyingi ni tarehe ya mtu mwingine.

Ukoo wenyewe, kwa Wabukusu, hukaa mahali pengine kabisa. Unaitwa ekholo, na majina yake huanza na Ba-: Baengele, Bakhone, Batukwika, Balako, Bakokho, Babuya, Bachemai, na mengine mengi. Hili ndilo linaloamua nani ni ndugu, nani anaweza kuoa wapi, nani atakaa upande gani kwenye matanga. Pamoja na ukoo kuna rika. Marika ya tohara ni manane nayo huzunguka: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma, Sawa. Msomaji Mkalenjini ameshatabasamu, maana kwake ni Korongoro, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, Maina, Chumo na Sawe. Orodha hiyo moja inaeleza ujirani wa watu wa Mlima Elgon kuliko kurasa nyingi za vitabu, na katika eneo kama Kwanza, ambako Wabukusu, Wasabaoti, Wapokoti na Wanandi hupakana mashamba, si jambo la kushangaza.

Anayetaka kusikia ukoo ukitajwa kikamilifu na ahudhurie kumuse. Hii ni hotuba ya kuwaliwaza wafiwa, inayotolewa baada ya mazishi ya mzee mwenye heshima. Si kila mzee hufanyiwa, na si kila msemaji huruhusiwa kuitoa. Kazi hiyo hukaa katika koo maalumu. Msemaji huvaa ngozi, hushika fimbo, na hutembea huku na huko katikati ya watu walioketi. Hakuna ruhusa ya kuinuka wala kupita mbele yake, na mama mwenye mtoto mwenye fujo hukaa mbali mapema. Huanza mbali, kwa Mwambu na Sela, mtu wa kwanza na mkewe. Hupitia Misri ya masimulizi, huteremka kwa safari za mababu hadi Elgon, kisha huzigusa koo na matawi yake. Katika saa hizo zote majina ya Wafula na Wekesa husikika kama matukio tu ya njiani. Koo ndizo uti wa mgongo wa hadithi.

Sasa mtu mwenye urithi wa namna hiyo alipataje jina la familia kwa maana ya Kizungu? Alilipata dirishani kwa karani.

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa katika Kenya ya kikoloni mwaka 1915, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kuanzia mwishoni mwa 1919, ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika aliyepita umri wa miaka 16 alipaswa kuwa na kipande: karatasi yenye jina, kabila, alama za vidole na kumbukumbu za mwajiri, iliyotiwa ndani ya kijaluba cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Miaka hiyo hiyo serikali ilikuwa ikiwagawia askari wa Kizungu waliostaafu mashamba katika nyanda za juu, Trans Nzoia ikiwamo. Reli ikafika Kitale mwaka 1926, na vijana kutoka Kimilili, Sirisia na Webuye wakapanda kwenda kufanya kazi kwa masetla, wengine wakibaki huko kama maskwota. Bila kipande hapakuwa na kazi.

Karani hakuwa na nafasi ya ekholo, wala rika, wala jina la mama. Alitaka jina la mtu na jina la baba. Wekesa, mwana wa Wafula, akaandikwa Wekesa Wafula, na "mwana wa" likaanguka njiani. Wamisionari nao, kuanzia Wakweka waliofika Kaimosi mwaka 1902 hadi Wakatoliki, waliongeza jina la ubatizo mbele. Ukawa mtindo tulio nao hadi leo: la Biblia, la kuzaliwa, la baba. Tatizo lilikuja kwa kizazi kilichofuata. Mtoto wa Wekesa ajiandikishe Wekesa au Wafula? Shule moja ilisema hivi, nyingine vile. Matokeo yake ni kwamba ndani ya boma moja utakuta ndugu wa baba na mama mmoja wenye majina ya mwisho tofauti, na kila mmoja ana cheti cha kuthibitisha la kwake.

Haikuwa ajabu ya Afrika peke yake. Mwaka 1942 walianza kufika Afrika Mashariki maelfu ya Wapolandi, wengi wao wanawake na watoto, ambao Wasovieti walikuwa wamewahamishia Siberia na Kazakhstan, wakaachiliwa na kupitia Iran. Walipewa kambi Masindi na Koja nchini Uganda, Makindu na Rongai nchini Kenya, na iliyo kubwa kuliko zote Tengeru karibu na Arusha, iliyokuwa na watu wapatao 5,000. Makaburi yao Tengeru yanatunzwa hadi leo. Ukisoma mawe yake utaona mwanamume ameandikwa kwa jina linaloishia -ski, na mwanamke kwa -ska: Kowalski kwa baba, Kowalska kwa binti. Mbukusu hahitaji kufafanuliwa hilo. Anajua Wafula na Nafula.

Tofauti iko kwenye chimbuko. Jina la Kislavoni la aina hii aghalabu humfunga mtu na mahali au kazi. Zamoyski ni wa kijiji cha Stary Zamość. Kowalski humrudisha mtu kwa mfua chuma. Mabwana wenye ardhi walianza kutumia majina ya vijiji vyao mapema, ila wakulima wengi walisubiri hadi vitabu vya ubatizo, na baadaye serikali za kigeni zilizoigawana Poland, zilipowataka wawe na jina moja lisilobadilika. Nao pia walikutana na karani. Lakini jina likishakaa, liliendelea kizazi hadi kizazi bila kuruka. Kwa sababu hiyo jina adimu la Kipolandi ni ufunguo mzuri: mtafiti akikuta jina ambalo linabebwa na familia chache tu, mara nyingi anaweza kulifuata hadi parokia moja, pengine hadi kijiji kimoja.

Jaribu ufunguo huo Kwanza uone utakavyokwama. Chukua marehemu Wafula Wanyonyi Chebukati, wakili aliyeongoza tume ya uchaguzi ya Kenya kwenye uchaguzi wa 2017 na wa 2022. Jina lake lina mvua, lina palizi, kisha Chebukati. Mawili ya kwanza ni ya kila njia ya ng'ombe kati ya Kitale na Bungoma. La tatu ni adimu, na kwa sababu ndilo lililokaa mwisho, taifa zima lilimjua kwa hilo. Uadimu wa majina kama haya hauonyeshi kwamba ukoo ni mdogo. Unaonyesha tu kwamba karani alipofika, mtu fulani hakuwa na jina la majira katika nafasi ile ya mwisho.

Au tazama watoto wa Noah Wanyama, mchezaji wa zamani wa AFC Leopards. Mmoja alijulikana Ulaya kama Victor Wanyama, akichezea Celtic, Southampton na Tottenham. Kaka yake alijulikana kama McDonald Mariga, na alikuwa katika kikosi cha Inter Milan kilichotwaa Ligi ya Mabingwa mwaka 2010. Baba mmoja, majina mawili ya jezi. Mwitaliano aliyesoma orodha za vikosi hangeweza kuhisi undugu. Kinyume chake, mgeni anayesoma historia ya Bungoma hukutana na Elijah Masinde, kiongozi wa Dini ya Msambwa, na Masinde Muliro, mwanasiasa aliyefariki mwaka 1992, akadhani ni watu wa nyumba moja. Kumbe Masinde kwa mmoja liko mwisho na kwa mwingine ni jina lake mwenyewe.

Zipo nyumba ambazo jina limeanza kutulia. William Wamalwa alikuwa mbunge. Mwanawe Michael Kijana Wamalwa akawa Makamu wa Rais na kufariki London tarehe 23 Agosti 2003. Ndugu yake Eugene Wamalwa naye akaingia bungeni na baraza la mawaziri. Hata hivyo magazeti yaliendelea kuandika "Kijana Wamalwa" leo na "Wamalwa Kijana" kesho, na hakuna aliyelalamika. Kwa maoni yangu siasa na karo za shule zimefanya zaidi ya sheria yoyote kuyagandisha majina haya, kwa kuwa jina lililokwisha kufungua milango haliachwi ovyo.

Waliopoteza zaidi ni wanawake. Nekesa binti Wafula huandikwa Nekesa Wafula, akabeba Wa- ya kiume hadi kaburini, isipokuwa akiolewa achukue Wa- nyingine. Majirani Wakalenjini wana habari hiyo hiyo: Faith Chepng'etich Kipyegon, bingwa wa mita 1,500, dunia inamwita kwa Kip- ya kiume huku Chep- yake ikisahaulika. Mabinti wa Kipolandi waliohamia Uingereza na Marekani nao wengi waliishia kuandikwa -ski.

Kenya ilirudi kwenye suala la baba mwaka 2016, Jaji Mumbi Ngugi alipoamua kwamba ni kinyume cha Katiba kumnyima mtoto wa nje ya ndoa haki ya jina la baba yake kuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa. Kabla ya hapo watoto wengi wa namna hiyo walibeba jina la babu mzaa mama. Anayechora mti wa familia asipokuwa na habari hiyo, ataruka kizazi kizima na kumfanya mama kuwa dada wa mwanawe. Nafasi ya ekholo, kwenye cheti kile, bado haipo.

Ipo kwenye posa. Mbukusu haoi katika ukoo wa baba yake wala wa mama yake, na wazee wengi huenda hadi koo za bibi zote mbili. Wafula wa Kapomboi anaweza kumwoa binti Wafula wa Keiyo bila pingamizi, ilhali Wekesa na Nasimiyu ambao vitambulisho vyao havifanani hata herufi moja watakatazwa kwa kuwa wote ni Bakhone. Vijana waliokutana Nairobi huja na majina matatu matatu ya kwenye kitambulisho, na wazee huyasikiliza kwa adabu, kisha humwita senge, shangazi upande wa baba, aeleze bibi wa msichana alitoka kwa nani. Senge akiwa mbali hupigiwa simu hapo hapo kikaoni, sauti ikiwekwa juu wote wasikie, na habari ya idadi ya ng'ombe husubiri jibu lake.